Chama Alijengewa Timu, Wetu Wanajengewa Ahadi: Mbona Namba 10 wa Pwani Anaishia Kwa Tuktuk?

Julai 1, 2024, siku Yanga walitangaza kwamba wamemchukua Clatous Chama, kuna jamaa wa tuktuk hapa Maweni, Malindi, alishika wembe akaanza kukwangua kioo cha nyuma. Kioo kilikuwa kimeandikwa CHAMA 17 kwa herufi nyekundu, miaka mitano hivi. Alikwangua C, akakwangua H, akafika A akachoka. Mpaka leo hiyo tuktuk inatembea mjini ikiwa imeandikwa AMA 17 na abiria wanamuuliza ndio nini.

Ukiwa mtu wa Nairobi pengine utashangaa. Mkenya wa Malindi analilia nini mchezaji wa Zambia aliyehama kutoka timu moja ya Dar kwenda timu nyingine ya Dar? Lakini huku kwetu si mambo ya kushangaa. Ingia kibanda chochote cha kuonyesha mpira kuanzia Mtwapa hadi Mambrui siku ya Simba na Yanga, utapata watu wamejaa kuliko siku ya Gor na Ingwe. Lugha ni yetu, shemeji zetu wako Tanga, na king'amuzi cha Azam kiko kila nyumba ya pili. Ligi ya Tanzania hapa si ya nje. Ni ya jirani mwenye TV kubwa.

So leo nataka tuongee kuhusu huyu Chama, lakini si zile hadithi za usajili. Nataka tumwangalie kama kipimo. Kwa sababu jamaa wa hiyo tuktuk mwenyewe alikuwa namba 10. Na nikisema namba 10 simaanishi yule wa kujisifu kwenye maskani. Namaanisha msee ambaye uwanja wa Alaskan ulikuwa unanyamaza akipata mpira. Nitamrudia.

Kwanza Chama. Kitu watu wengi husahau ni kwamba alipotua Simba mwaka 2018 hakuwa kijana. Amezaliwa 1991, kumaanisha alikuwa na miaka 27. Alikuwa ameshapitia ZESCO United kule Ndola, akajaribu Misri na Al Ittihad ya Alexandria, mambo hayakushika, akarudi nyumbani kuchezea Lusaka Dynamos. Kwa hesabu za maejenti, huyo alikuwa amekwisha. Mtu ambaye ametoka nje akarudi kwao na miaka 27, nani anamtaka? Simba wakamtaka.

Desemba 23, 2018. Simba walikuwa wamefungwa 2-1 na Nkana kule Kitwe, sasa wako nyumbani Dar. Jonas Mkude akafunga, Meddie Kagere akafunga, na Nkana nao walikuwa na goli lao. Kwa hesabu ya mechi zote mbili ilikuwa 3-3, magoli ya ugenini yanalingana, watu wameanza kufikiria matuta. Dakika za mwisho kabisa mpira ukamfikia Chama akiwa amegeuzia goli mgongo. Mtu wa kawaida angegeuka, na beki angemla. Chama akaupiga kwa kisigino. Goli. Dhidi ya timu ya kwao Zambia, eti. Nakumbuka kibandani mzee mmoja aliangusha kikombe cha kahawa chungu na hakuna aliyemdai.

Miezi mitatu baadaye, Machi 16, 2019, ikaja AS Vita ya Kinshasa. Simba walikuwa wameshalambwa 5-0 na hao Vita ugenini na 5-0 tena na Al Ahly kule Misri. Sare haikuwa inatosha. Mechi iko 1-1, dakika ya 90, na ni nani huyo tena? Chama. Simba wakaingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, mahali ambapo timu za ukanda huu huwa tunapaona kwa TV tu.

Sasa hapa ndipo wengi wanakosea uchambuzi. Watasema Chama ana kipaji cha Mungu, mwisho wa stori. Kipaji anacho, sikatai. Lakini muangalie vizuri akicheza. Hana mbio. Hakabi sana. Akipoteza mpira haukimbizi kama anayedaiwa. Kuna mechi nyingine unamtafuta dakika 60 unadhani ametolewa. Kisha anapokea mpira mmoja katikati ya watu watatu, anageuka nusu, anaupitisha mahali ambapo wewe uliye juu ya benchi la kibanda hukupaona, na fowadi yuko peke yake na kipa.

Mchezaji wa aina hiyo ni ghali. Sizungumzii mshahara. Ili Chama atembee, lazima kuwe na wawili nyuma yake wanaokimbia kwa niaba yake. Lazima kuwe na fowadi anayejua kusubiri pasi. Lazima kuwe na kochi anayekubali dakika 60 za kutoonekana kwa ajili ya sekunde tatu za ule mpira. Simba wakamfanyia hivyo kwa makochi watatu mfululizo, Patrick Aussems, Sven Vandenbroeck na Didier Gomes. Mkude na wenzake walimbebea maji, Kagere akamalizia. Msimu wa 2019-20 akawa mchezaji bora wa ligi. Msimu uliofuata Simba wakamaliza juu ya Al Ahly kwenye kundi lao la Afrika, pointi 13, na siku waliyowapiga Vita 4-1 Chama alikuwa na mawili. Robo fainali wakalambwa 4-0 na Kaizer Chiefs huko Afrika Kusini, wakarudi Dar wakashinda 3-0, bao moja pungufu. Hiyo bado inaniuma na mimi si hata mtu wa Simba. (Mimi ni mtu wa neutral, wasee wa kibandani wanasema ni unafiki.)

Agosti 2021 akauzwa RS Berkane ya Morocco. Kwenye karatasi, hiyo ilikuwa ni kupanda. Mkwanja mkubwa, ligi kubwa, klabu yenye taji la Afrika. Miezi michache tu, Januari 2022, akawa amerudi Simba.

Hapo ndipo watu wa maskani walianza kusema Chama ni mswahili, hawezi maisha ya Waarabu, anapenda kubembelezwa. Mimi nasema hivi: Berkane walikuwa na timu yao inayojua inachofanya, na ushahidi ni kwamba Mei 2022 walibeba Kombe la Shirikisho bila yeye. Hawakuwa na haja ya kumjengea mtu yeyote kiti cha enzi. Walitaka mtu wa kuingia kwenye mashine. Na Chama hakuwahi kuwa nati ya mashine. Yeye ni dereva. Ukimuweka dereva kuwa nati, usishangae gari likienda bila yeye.

Na aliporudi alilipa bei. Kwa kuwa alikuwa amesajiliwa na Berkane Afrika msimu huo, hakuruhusiwa kuichezea Simba mashindano ya CAF mpaka msimu uishe. Simba walipokutana na hao hao Berkane kwenye makundi, yeye alikuwa mtazamaji kama mimi na wewe. Lakini mwaka mmoja mbele, Machi 18, 2023, Simba wakaipiga Horoya ya Guinea 7-0 na Chama akafunga matatu. Kiti chake kilikuwa bado kipo. Hilo ndilo neno la kushika hapa: kiti.

Sasa tuje nyumbani, na tuanze na mtu ambaye alikuwa chumba kimoja cha kubadilishia nguo na Chama. Francis Kahata. Mtu wa Thika, mguu wa kushoto, pasi kama amepima kwa rula. Kahata alishaonja Ulaya kabla, alienda KF Tirana ya Albania, akarudi, akawa roho ya Gor Mahia waliochukua ubingwa. Akacheza AFCON 2019 na Harambee Stars. Mwaka huo huo Simba wakamchukua.

Lakini ukumbuke Simba walimjuaje. Juni 2018 kule Afraha, Nakuru, fainali ya SportPesa Super Cup, Gor waliipiga Simba 2-0. Tuliwapiga! Kwao walirudi kichwa chini. Wiki chache tu baadaye Kagere, fowadi aliyewasumbua siku hiyo, akawa amevaa nyekundu ya Msimbazi. Mwaka uliofuata, Kahata. Yaani walifungwa, wakaangalia ni nani amewafunga, wakatoa pochi. Sisi tulibaki na kombe na picha.

Kahata alichukua mataji ya ligi mawili Dar, 2020 na 2021, kwa hiyo usiseme alifeli. Lakini alifika mahali ambapo kiti kimeshakaliwa. Katikati ni kwa Chama, upande mwingine yuko Luis Miquissone wa Msumbiji ana moto. Kahata akapewa ubavu wa kushoto, akapewa dakika za mwisho, akapewa mechi za kombe. Mtu aliyekuwa akiamua kasi ya mchezo Nairobi akawa anaingia kumalizia kasi iliyoamuliwa na mwingine. Na hizo dakika zikazidi kupungua mpaka akaondoka 2021.

Kuna wale watasema basi Kahata hakuwa mzuri kama Chama. Inawezekana. Mimi sina mizani ya hilo. Ninachojua ni kwamba mmoja alifika timu ikimtafuta wa kumjenga juu yake na mwingine akafika nyumba imeshaezekwa. Mfano mwingine ni Duke Abuya, alisajiliwa Yanga msimu ule ule mmoja na Chama, 2024. Abuya akawa mtu wa kutegemewa, lakini kwa nini? Kwa sababu anakimbia. Anakaba, anaziba, anapanda, anashuka. Mkenya akienda nje anapendwa kwa mapafu. Angalia Wanyama, angalia Mariga, angalia Omolo: hao wote ni watu wa kazi ngumu katikati ya uwanja, na walitupa heshima kubwa, Mariga alikuwa Inter iliyobeba mataji matatu 2010 na Wanyama akafunga Barcelona akiwa na Celtic 2012. Lakini yule wa kisigino, yule wa kutuliza mpira na kufikiri, huwa hatujui kumuuza. Mara nyingi hata hatujui kumlea.

Pesa ni sehemu kubwa ya hili, tusijidanganye. Mwaka 2019 SportPesa walipokosa leseni hapa Kenya walifunga mfereji, na klabu zetu zikaanza kucheza na njaa. Wachezaji wa klabu kubwa wakawa wanagoma mazoezi, wengine wanakaa miezi bila mshahara. Kule Tanzania kampuni hiyo hiyo iliendelea. Mei 2021 Azam wakasaini na shirikisho lao mkataba wa TV wa miaka 10, shilingi za Tanzania bilioni 225.6. Kwa chenji ya wakati ule ni zaidi ya bilioni 10 za kwetu. Miezi sita baadaye, Novemba 2021, sisi tukavunja shirikisho letu, na Februari 2022 FIFA wakatufungia mpaka Novemba. Azam hao hao walikuja kwetu 2023 na mkataba wa miaka 7, kwa dau lisilofika hata robo ya lile la Dar.

Unaona vile hesabu inaenda? Mwenye TV ana pesa. Mwenye pesa anaweza kusubiri. Anaweza kumuweka mchezaji dakika 60 bila kuonekana. Klabu yenye njaa haiwezi. Klabu yenye njaa inataka pointi Jumamosi hii, kwa hiyo kochi anampanga mkimbiaji, anampiga benchi mfikiriaji, na kijana mfikiriaji akiona hivyo anajifunza kukimbia. Au anajifunza kuendesha tuktuk.

Na hapa narudi kwa jamaa yangu.

Tulikuwa rika moja, yeye akicheza, mimi nikibeba viatu vyake kwa sababu nilikuwa naye tu, miguu yangu haikuwa ya mpira. Tulikuwa tunatoka Maweni mpaka Alaskan kwa miguu, jua la saa tisa, mchanga unachoma. Uwanja wenyewe unaujua: vumbi wakati wa kaskazi, dimbwi wakati wa masika. Kwenye uwanja kama huo pasi ya chini haifiki inakotakiwa, inaruka. Yeye alikuwa anajua itaruka wapi. Alikuwa anapiga pasi kwa kuhesabu na tuta la mchanga. Siku moja kule Karisa Maitha, Kilifi, mechi ya mashindano ya mbunge, alimpiga mtu tobo mbili ndani ya hatua tatu na watu wakaingia uwanjani kumpa pesa mkononi. Shilingi hamsini hamsini, noti na sarafu. Tulihesabu kwenye matatu tukirudi, ilifika 1,350. Hiyo ndiyo pesa kubwa zaidi aliyowahi kulipwa na mpira.

Timu ya karibu yenye jina ni Bandari, na Bandari iko Mombasa. Bandari ni mfano mzuri, sisemi uongo, hawa walibeba FKF Shield 2019 wakaenda kuwakilisha Kenya Afrika, kochi akiwa Bernard Mwalala ambaye mwenyewe aliwahi kuichezea Yanga, na Shaban Kenga alikuwa pale akionyesha kwamba jina la Kimijikenda linaweza kuitwa redioni likiwa na pasi ndani. Lakini klabu moja haiwezi kuwa mlango wa kaunti sita. Kutoka Malindi kwenda majaribio na kurudi, nauli, mahali pa kulala, chakula, na hakuna anayekuahidi hata kukuangalia. Wasichana wa Kilifi angalau tangu 2001 wana Moving the Goalposts, shirika ambalo liliwapa mpira, viatu na mtu wa kuwauliza hali. Sisi wavulana tulikuwa na mashindano ya wanasiasa, ambayo hupatikana kila baada ya miaka mitano kama mafuriko.

Basi pakitokea pengo, dalali hujaza. Unajua biashara ya embe za huku? Dalali anakuja shambani embe zikiwa bado changa, zingali juu ya mti. Mzee anadaiwa karo, anaumwa, ana haraka. Dalali ananunua mti mzima kwa bei ya debe chache. Embe zikiiva, mzee anakaa chini ya kivuli cha mti wake akiangalia watu wengine wakivuna. Hakuibiwa. Aliuza. Ila aliuza kwa sababu hakuwa na namna ya kusubiri.

Jamaa yangu alipata dalali wake akiwa na miaka 17. Mtu alimpigia simu, akasema ni ejenti, ana mawasiliano na klabu fulani ya ligi kuu Tanzania, wameona video yake. Ile video ya tobo mbili, mimi ndiye niliipiga kwa simu. Akamwambia atume 35,000 ya pasipoti, usafiri na ada ya majaribio. Mamake aliuza mbuzi, akakopa chama chake cha kina mama. Jina hilo hilo, chama. Hiyo mimi huwa nikifikiria nacheka kisha nanyamaza. Alivuka Lunga Lunga akafika Tanga, akapigiwa simu asubiri hapo stendi. Alisubiri siku mbili. Namba ikawa haipatikani.

Sasa sikiliza, kwa sababu hili ndilo ningetaka mtu angemwambia wakati ule, na kuna kijana mahali anasoma hii akiwa na ujumbe kama huo kwa simu. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache sana, kama wazazi wamehamia huko kwa mambo yao yasiyo ya mpira. Jamaa yangu alikuwa na 17. Hata kama huyo ejenti angekuwa mkweli, hakuna klabu ya Tanzania ingeweza kumsajili mwaka huo. Karatasi ya uhamisho wa kimataifa, ile wanaiita ITC, isingetoka. Na ejenti wa ukweli siku hizi lazima awe na leseni ya FIFA, jina lake linatafutwa kwa simu yako mwenyewe, na yeye hulipwa asilimia ya mkataba ukishasainiwa. Halipwi mbuzi wa mamako kabla ya safari.

Kuna nyingine pia ambayo klabu za mtaa hazijui. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kwa dau, asilimia 5 ya dau hilo inafaa kugawiwa klabu zote zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Zote. Hata timu ya mtaa, ikiwa imesajiliwa na ikamsajili kijana kwa karatasi. Sasa timu ngapi za Malindi zina hata daftari la majina? Kochi wetu alikuwa na orodha kwenye kichwa na jezi kwenye gunia. Kwa hiyo hata siku mmoja wetu akitoboa, hakuna hata ndururu itarudi kununua mpira mpya. Mti umeuzwa na mizizi yake.

Linganisha na Chama alivyotoka Simba. Mkataba wake uliisha Juni 2024. Hakutoroka, hakugoma, alingoja karatasi iishe kisha akaenda kwa aliyemtaka, huru. Mashabiki wa Simba walilia usaliti, wengine wakachoma jezi, rafiki yangu akashika wembe. Lakini kisheria alikuwa mtu anayejua thamani ya tarehe. Na kwa nini Yanga walimtaka akiwa na miaka 33? Nadhani nusu ilikuwa mpira na nusu ilikuwa raha ya kumuumiza jirani. Kwa sababu pale Jangwani kulikuwa tayari na Aziz Ki, kulikuwa na Pacome, kulikuwa na Maxi. Viti vyote vimekaliwa. Chama akawa Kahata. Aliingia, akafunga hapa na pale, akabeba ubingwa wa 2024-25, lakini ile jioni ya Juni 25, 2025 Yanga walipoipiga Simba 2-0 kuchukua ligi, waliofunga walikuwa Pacome na Mzize. Mwamba wa Lusaka alikuwa mmoja wa wengi.

Halafu akafanya kitu ambacho mimi nimekipenda kuliko magoli yote. Hakung'ang'ania jina kubwa. Mwaka 2025 akaenda Singida Black Stars, timu isiyo na mashabiki wa kujaza hata nusu ya Mkapa, na Septemba hiyo Singida wakachukua Kombe la Kagame. Kwa miaka 34 alitafuta tena mahali ambapo mpira unapita kwake kwanza. Watu wakasema ameshuka. Mtu aliyeshuka kutoka Alexandria kwenda Lusaka, kutoka Berkane kwenda Msimbazi, ameshuka mara ngapi sasa, na kila akishuka anacheza vizuri zaidi?

Sisi huku tuna ugonjwa wa kupima mchezaji kwa ramani. Ulaya ni juu, Uarabuni ni katikati, Dar ni chini, nyumbani ni kufeli. CHAN ya Agosti 2025 ilituonyesha kitu kingine. Harambee Stars, wachezaji wa ligi ya hapa hapa, waliongoza kundi lililokuwa na Morocco, Kongo, Angola na Zambia. Austine Odhiambo ndiye aliyewafunga Kongo, goli la utulivu, namba 10 mwenye kiti chake, kwa sababu Benni McCarthy alimpa. Tukatolewa na Madagascar kwa matuta, sawa, iliuma. Lakini kwa wiki tatu nchi nzima iliona kwamba mfikiriaji wa Kenya akipewa timu anaendesha.

Mimi niliacha chuo semista ya tatu, kwa hiyo sina mdomo wa kumwambia kijana asome kwanza mpira baadaye. Namwambia aende. Ila asikimbilie mlango kwa sababu umeandikwa jina kubwa. Aulize, ukinichukua utanichezesha wapi, na nani amekaa hapo sasa, na mkataba unaisha tarehe ngapi. Maswali matatu tu. Chama alijibiwa vizuri Simba 2018. Berkane na Yanga nadhani alisahau kuuliza lile la pili.

Wiki jana nilipanda AMA 17 kutoka sokoni. Jamaa yangu ana miaka 26 sasa. Umri huo Chama alikuwa Lusaka Dynamos, ametoka kufeli Misri, hakuna mtu wa Dar anayemjua. Nikamwambia hivyo. Akacheka, akapiga kona ya Ngala kwa mkono mmoja, akasema goti la kulia halikunji tena vizuri. Kisha akaniambia kuna mtoto pale Alaskan, ana miaka 15, huwa anaenda kumuangalia jioni kabla ya zamu ya usiku. Anasema mtoto hapigi pasi kabla ya kuangalia tuta la mchanga. Wiki iliyopita mtoto alimuonyesha simu, kuna mtu amemuandikia anasema ni ejenti, anataka elfu ishirini.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimchukua ile simu," akasema, "nikampigia huyo mtu mimi mwenyewe. Nikamuuliza leseni namba ngapi. Akakata."